Vidhibiti vya Michezo Vinavyohisi Mwendo (Sehemu ya 2): Vihisi vya Ndani

Kidhibiti cha michezo ya video kinachohisi mwendo hakiuoni mkono wa mchezaji. Hupima nguvu zinazotenda kazi ndani yake chenyewe, kisha programu hukokotoa mkono umeelekea wapi. Kila kihisi kina kosa lake, kwa hiyo huunganishwa ili kimoja kisahihishe kingine.

Cha kwanza ni akselerometa, yaani kipima mchapuko. Ndani ya chipu, kipande kidogo cha silikoni huning'inizwa kwa springi nyembamba katikati ya vibamba vyenye chaji ya umeme. Kidhibiti kikichapuka, kipande hicho hubaki nyuma kidogo, kama abiria anavyolalia kiti basi linapoondoka ghafla. Nafasi kati yake na vibamba hubadilika, na badiliko hilo husomwa kwa umeme. Kifaa kikiwa kimetulia, akselerometa husoma mvutano wa dunia, mita 9.8 kwa sekunde mraba, na hivyo kujua chini ni upande upi. Wii ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2006, ilitegemea kihisi hiki pamoja na kamera ndogo ya infraredi iliyo kwenye ncha ya kidhibiti, ambayo hutazama taa zilizowekwa karibu na televisheni.

Hata hivyo, akselerometa peke yake huchanganya kuinamishwa na kusukumwa. Tena kosa la mita 0.01 tu kwa sekunde mraba, likikokotolewa kuwa umbali, hufikia nusu mita baada ya sekunde 10. Ndiyo sababu mwaka 2009 Nintendo iliongeza jairoskopu kupitia Wii MotionPlus.

Jairoskopu ya chipu haina gurudumu. Kipande cha silikoni hutetemeshwa maelfu ya mara kwa sekunde. Kidhibiti kikizungushwa, kipande husukumwa kando na nguvu iliyoelezwa na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1835. Kasi ya mzunguko ikijumlishwa hutoa pembe, lakini makosa madogo nayo hujumlishwa, na pembe huhama polepole. Mvutano wa dunia husahihisha mwinamo wa mbele na wa kando. Hausaidii kifaa kinapogeuzwa kushoto au kulia.

Pengo hilo huzibwa na kamera, au na magnetometa inayofanya kazi ya dira, kama katika PlayStation Move ya Sony ya mwaka 2010. Hapo mahali pa kuchezea huwa na uzito. Katika La Rochelle, mtaa wa kusini mwa jiji la Johannesburg, usumaku wa dunia ni takriban maikrotesla 28, ilhali London ni karibu 49. Huko La Rochelle mistari yake pia imesimama sana, zaidi ya nyuzi 60 kutoka mlalo. Sehemu ya mlalo, ambayo ndiyo inayoonyesha mwelekeo, hubaki takriban maikrotesla 13. Nairobi sehemu hiyo ni karibu 30. Kwa hiyo spika au nondo za dirisha huweza kuipotosha dira kwa urahisi zaidi La Rochelle.

Programu hupatanisha vipimo hivi vyote: huamini jairoskopu katika mwendo wa haraka, na huurekebisha uhamaji wake taratibu kwa mvutano na usumaku. Kidhibiti kikitulizwa mezani kabla ya mchezo, jairoskopu hupata sifuri yake. Kikiwekwa mbali na spika na chuma, dira nayo husoma sawasawa.