Sakafu ya Choo: Ibadilishwe Kabla Haijabomoka

Sakafu ya miti katika choo cha shimo huliwa na mchwa na kuoza, hasa msimu wa mvua. Udongo uliosiribwa juu yake huuficha uozo huo hadi mtu anapotumbukia. Wakazi wanashauriwa kuigonga kwa mti mrefu wakiwa mlangoni. Ikititia, choo kisitumike, na watoto wazuiwe kukisogelea.

Mbadala wa kudumu ni slabu ya zege. Hutengenezwa nje ya choo, mahali palipo tambarare, kwa saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2 na kokoto ndoo 3, na nondo husukwa ndani yake. Tundu lisizidi upana wa sentimita 18, ili mtoto asipenye. Slabu imwagiliwe maji kwa siku 7 kabla ya kubebwa.

Inapowekwa, kingo zake zilale juu ya ardhi imara pande zote. Nyufa zizibwe, na tundu lifunikwe kwa mfuniko wenye mpini ili kuzuia nzi. Shimo likijaa, slabu hiyo huhamishiwa shimo jipya.

Kwa ushauri kuhusu uimara wa shimo, aonwe Afisa Afya wa Kata.