Mwandishi mpya ajitambulishe vipi kwa wasomaji?

MSOMAJI anapokutana na jina geni juu ya makala, hujiuliza: huyu ni nani, na haya anayonieleza ameyajuaje? Mwandishi asipolijibu swali hilo mapema, msomaji atalijibu mwenyewe kwa kukisia.

Tuchukue mfano wa mkazi wa kata ya Mpepai, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, anayetaka kuwaandikia watu wa mijini. Nyumbani kwao hahitaji maelezo mengi. Miongoni mwa Wamatengo, jina la ukoo kama Ndunguru, Komba au Kapinga hueleza mengi kuhusu asili ya mtu. Akitaja na ntambo wao, yaani mgongo wa mlima ulio baina ya vijito, ambao kwa desturi hulimwa na familia za ukoo mmoja, wenyeji humjua mara moja.

Mjini alama hizo hazisomeki. Mwandishi huyo hana budi kueleza kwamba Mbinga iko magharibi ya Songea, umbali wa kilomita zipatazo 100, na kwamba ni nchi ya kahawa ya arabika. Afafanue pia kwamba mwambao wa Ziwa Nyasa, pamoja na mji wa Mbamba Bay, zamani ulikuwa ndani ya wilaya ya Mbinga, ila sasa uko katika wilaya ya Nyasa. Bila ufafanuzi huo, msomaji anaweza kumdhania kuwa mvuvi, kumbe ni mkulima.

Hata hivyo, kutaja mahali peke yake hakutoshi. Jambo zito zaidi ni maslahi. Anayeandika kuhusu bei ya kahawa anaweza kuwa mkulima, mnunuzi au kiongozi wa chama cha ushirika. Wote watatu wanaijua kahawa, lakini hawaitazami bei kwa jicho moja. Mkulima hutamani ipande, mnunuzi hutamani ishuke, na kiongozi wa ushirika ana hesabu za chama za kutetea. Msomaji asiyejua ni yupi kati yao anayesema, hana njia ya kuyapima maneno yake.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wa zamani. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliposimulia maisha yake alianza na safari zake za biashara tangu akiwa na umri wa miaka 12. Kwa mwanzo huo msomaji hutambua kwamba msimulizi ni mtu wa misafara, aliyetajirika kwa pembe za ndovu na watumwa, na huyapokea maelezo yake kwa tahadhari inayostahili.

Pamoja na hayo, kujitambulisha si kujianika. Jina la ukoo na ntambo, ambavyo kijijini ni adabu ya kawaida, vikichapishwa gazetini huwafichua pia ndugu ambao hawakuombwa ridhaa. Mwandishi anayefichua maovu ya wenye nguvu anaweza kuondoka, lakini wazazi wake hubaki palepale mlimani. Kwa sababu hiyo, majina ya watoto, namba za simu na mahali ilipo nyumba si mambo ya kumpa kila msomaji. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria kuna busara.

Aya moja fupi yatosha: jina analotumia mwandishi, sehemu anayoandika akiwa huko, kazi iliyompa ujuzi wa jambo analolieleza, na faida au hasara anayoweza kuipata kutokana nalo. Sifa nyingine, kama vile uhodari na ukweli wake, asijipe mwenyewe. Hizo msomaji atazitambua katika makala ya pili na ya tatu.