Kebo ya Ripita: Kiungo Kisichopaswa Kusahauliwa

Mtandao wa simu unapokatika wakati wa mafuriko, redio za ridhaa huweza kubaki njia pekee ya kata kuwasiliana na makao makuu ya wilaya. Mawasiliano hayo hutegemea ripita, yaani mtambo wa kilimani unaopokea sauti kutoka redio ndogo za mkononi na kuirusha upya kwa nguvu kubwa zaidi. Kabla wananchi hawajachangia mtambo wa namna hiyo, yafaa waielewe kebo inayouunganisha na antena.

Kila kebo hupoteza sehemu ya nguvu njiani. Kebo ikiwa na urefu wa mita 30 na masafa yakiwa ya megahezi 145, mtambo wa wati 50 hufikisha kwenye antena takribani wati 12 tu kwa kebo nyembamba ya RG-58. Kwa RG-213, iliyo nene zaidi, hufika wati 27 hivi. Kwa kebo ya bomba la shaba lenye mikunjo, ya nusu inchi, hufika takribani wati 40. Mawimbi yanayoshuka kutoka antena hadi mtamboni hupata hasara hiyo hiyo.

Ipo sababu ya pili. Ripita husikiliza na kurusha kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa antena moja, masafa yakitofautiana kwa kilohezi 600 tu. Zipo kebo ambazo kinga yake ni karatasi ya alumini iliyofunikwa kwa msuko wa shaba iliyopakwa bati. Hizo hupoteza nguvu kidogo, lakini metali hizo zikisuguana, hasa upepo ukiitikisa kebo, huzaa mikwaruzo inayopunguza usikivu wa ripita. Bomba la shaba, likiwa kipande kimoja, halina kasoro hiyo.

Kamati inayopitia bei za wauzaji izingatie yafuatayo:

- Kebo iwe ya omu 50. Ya televisheni ni omu 75, haifai.
- Mnarani litumike bomba la shaba.
- Viungio vya nje vizibwe barabara, maji yasipenye.
- Kinga ya kebo iunganishwe na ardhi chini ya mnara, kujihadhari na radi.

Shaba ni ghali. Hata hivyo, kuongeza wati hupaza sauti ya ripita tu. Hakuiwezeshi kumsikia aliyekwama bondeni na redio yake ya wati 5.