Oman, Jirani wa Pande Zote

Oman ina kilomita za mraba 309,500 hivi, zaidi kidogo ya nusu ya Kenya. Watu wake ni kama milioni 5, na zaidi ya wanne katika kila kumi ni wageni, wengi kutoka India, Bangladesh na Pakistan. Sarafu yao ni rial, yenye baisa 1,000 ndani yake. Tangu 1986 thamani yake mbele ya dola haijabadilika, na rial moja hununua zaidi ya dola mbili na nusu. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967. Sultani Qaboos bin Said alitawala tangu 1970 hadi alipofariki Januari 2020, akarithiwa na binamu yake, Haitham bin Tariq. Joto la huko humfedhehesha mtu wa Mombasa aliyedhani analijua joto.

Ningeendelea kwa utaratibu huo, bandari, shule, mitende, lau si wakati wenyewe nilioingia Maskati. Ilikuwa Mei 2025. Steve Witkoff, mjumbe wa Marekani, na Abbas Araghchi, waziri wa mambo ya nje wa Iran, walikuwa wakivutana juu ya urani ya Iran, na aliyekaa katikati yao alikuwa waziri wa Oman, Badr al-Busaidi. Walianzia Maskati Aprili 12, wakaenda Roma, wakarudi Maskati Aprili 26 na tena Mei 11. Kila mtu alijua kwamba wasipoelewana kutanuka baruti, tena karibu kabisa. Mlango wa bahari wa Hormuz, penye wembamba wake, hauzidi kilomita 40. Ng'ambo moja ni Iran, ng'ambo ya pili ni rasi ya Musandam, ambayo ni ya Oman. Mwaka 2024 mapipa kama milioni 20 ya mafuta yalipita hapo kila siku, sawa na moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani. Hesabu nyingine nilizonakili zimo daftarini, na zibaki humo humo.

Nilitarajia kuwakuta watu roho juu. Soko la Mutrah lilikuwa limejaa kama kawaida, wauzaji wakipima ubani na kuwavuta watalii. Katika mgahawa niliozoea kunywa chai, televisheni ilionyesha Gaza, na hapo ndipo nyuso zilipobadilika. Watu wakasonya, wakaomba dua, mmoja akatoka nje asitazame. Habari za Iran zilipofuata, wakarudi kwenye vikombe vyao. Si kwamba hawakujua. Kila niliyemgusia jambo hilo alijua tarehe za mikutano kuliko mimi.

Nyumba moja nilikaribishwa na bibi mwenye asili ya Unguja, mmoja wa wale waliohamia baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango Waomani wa Afrika. Kiswahili chake kingewatia haya watoto wetu.

"Bibi, hamviogopi vita?"

"Mwanangu, mambo hayo yana wenyewe. Wewe kula halua."

Mwanawe, mtu mzima anayefanya kazi ya mafuta, alingoja mama ainuke kwenda kuswali. "Sisi, kaka, tukigombana na Iran tutahamia wapi?" akaniuliza. "Wamarekani watapanda meli zao waende. Iran itabaki pale pale."

Hilo ndilo lililonishika, na tangu nirudi nimekuwa nikilisimulia hadi jamaa wanachoka. Serikali yao imelifanya neno la huyo bwana kuwa kazi ya kila siku. Walipopigana na waasi wa jimbo lao la Dhofar, Shah wa Iran alileta askari wake mwaka 1973 kuwasaidia, na Waomani hawakusahau hata baada ya Shah kupinduliwa. Misri ilipopatana na Israeli mwaka 1979, nchi nyingi za Kiarabu zilivunja uhusiano nayo, Oman haikuvunja. Iraq na Iran zilipouana miaka minane, Oman ilizungumza na zote mbili. Mwaka 2013 Wamarekani na Wairani walikutana Maskati kwa siri kabla dunia haijasikia lolote. Mwaka 2015 majirani wengine wa Ghuba walipojiunga na Saudia katika vita vya Yemen, Oman peke yake ilikaa kando, na 2017 ikakataa kuisusia Qatar.

Lakini msiwadhanie mawalii. Wamarekani wana mkataba wa kutumia vituo vya Oman tangu 1980, na mwaka 2019 wakaongezewa bandari za Duqm na Salalah. Duqm yenyewe iko Bahari ya Arabu, nje kabisa ya Hormuz, na ndiko Oman ilikojenga matangi na kiwanda cha kusafisha mafuta. Anayewasifu kwa upole tu hajaitazama ramani.

Sauti kali ipo, nayo ina asili ya kwetu: Mufti Mkuu, Sheikh Ahmed bin Hamad al-Khalili, aliyezaliwa Zanzibar na kushika wadhifa huo tangu 1975. Juu ya Gaza hamung'unyi maneno, na serikali humwacha aseme. Waziri husema na Washington, mufti husema na nyoyo za watu. Raia wa kawaida hana nafasi hiyo. Gazeti la Azamn lilifungwa mwaka 2016 baada ya kuandika juu ya rushwa mahakamani, kwa hiyo ukimya niliousifu si hekima yote. Mwingine ni tahadhari ya mtu anayejua mipaka yake.

  

Sasa sisi Wakenya. Jioni Mama Ngina, Mombasa, watu wamejaa ukingoni, mihogo ya kukaanga imetiwa pilipili na ndimu, madafu yanafunguliwa, na mbele ya macho yao meli za mafuta zinaingia Kilindini kuelekea Kipevu. Tangu 2023 mafuta yetu tunayachukua kwa mkopo kutoka kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Hormuz ikifungwa, matatu ya Likoni itajua kabla ya Bunge. Hata hivyo, kwenye baraza za Mji wa Kale kila mtu ni jemadari: mmoja anaizamisha manowari ya Marekani kabla ya kahawa kupoa, mwingine anaiteka Tel Aviv kwa kashata mkononi. Sijamsikia hata mmoja akiuliza akiba ya nchi inatosha siku ngapi. Viongozi wetu nao hutoa tamko la kusikitika, wakaendelea na mikutano ya kampeni.

Mkutano wa sita wa Wamarekani na Wairani ulipangwa kufanyika Maskati Jumapili, Juni 15. Ijumaa, Juni 13, Israeli iliishambulia Iran, na mkutano ukafa. Oman ililaani shambulio hilo. Marekani nayo ilipopiga mabomu Juni 22, Oman ikalaani tena, bila kumfukuza balozi wa mtu. Mapigano yakasimama Juni 24.

Julai 14 EPRA, mamlaka yetu ya kawi, ikatangaza kwamba petroli imepanda kwa shilingi 8.99 kwa lita. Baraza letu lilimtukana waziri wa kawi juma zima, na mzee mmoja akathibitisha kwa kiapo kwamba fedha hizo ni za uchaguzi wa 2027. Nilipoitaja Hormuz, akaniuliza kama hilo ni jina la kituo kipya cha petroli.