Kabla ya kununua chuma, angalia mbao: vifaa vya pua ya mtumbwi wa uvuvi

Wandugu, mnaweza kujiuliza: mtu wa Musienene, fasi ya baridi, ya viazi na maharagwe, anatafuta nini ndani ya mambo ya mitumbwi? Jibu liko sokoni. Samaki wengi tunaokula huku kwetu na Butembo wanapanda kutoka Ziwa Edward, kwa Kyavinyonge ao Vitshumbi. Na sisi tuliosoma agronomia, siku ukishuka ziwani na diplome ya licence, wavuvi hawakuulizi kama ulifanya mimea ao mifugo. Wanakuita injenyeri, na wanakuonyesha mtumbwi: "Injenyeri, tunataka kuweka chuma cha kufungia kamba hapa mbele. Tununue gani?"

Hii njo swali ninataka tuchambue leo. Linaonekana kuwa la kiloko, lakini kamba ya mbele ikingooka usiku wa dhoruba, mtumbwi unageuka ubavu kwa mawimbi, maji yanaingia, na watu wanaanguka ndani. Jibu langu nalitoa mapema: swali la kwanza si "chuma gani?" Swali la kwanza ni "chuma hicho kitashikwa na nini?"

Ziwa lenyewe

Ziwa Edward liko mita zaidi ya 900 juu ya bahari, na karibu sehemu tatu kwa nne za maji yake ziko upande wa Congo. Upande wetu wote ni ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na uvuvi unaruhusiwa kupitia vijiji vitatu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Kina cha wastani ni kama mita 17, lakini chini ya milima ya magharibi kinapita mita 110. Maana yake nini kwa mvuvi? Nanga inafanya kazi karibu na pwani na fasi za maji mafupi. Ukiwa katikati ya kina kikubwa, kamba yako haitafika chini.

Jambo la pili ni upepo. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda inchi kavu, usiku unarudi kutoka inchi kavu kwenda ziwani. Na milima ikiwa karibu hivyo, dhoruba inaweza kushuka bila kutoa muda wa kujipanga. Mvuvi anayetega nyavu jioni na kuzitoa asubuhi anakuwa juu ya maji saa zile ambazo haoni wingu likija.

Kamba inavuta kiasi gani?

Hapa wengi tunakadiria vibaya. Upepo peke yake hauvuti sana. Mtumbwi mdogo unaoelekeza pua kwa upepo, ukionyesha upepo eneo la mita mraba moja na nusu, katika upepo wa mita 15 kwa sekunde (huo ni upepo mkali kabisa), unavuta kamba kama uzito wa kilo 20 hivi. Mtoto wa sekondari anaweza kuushika.

Kinachongoa vyuma ni mushtuko. Tuchukue mtumbwi wenye uzito wa kilo 600 pamoja na watu, nyavu na motere. Wimbi linausukuma nyuma kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Kamba inakazika. Kama inausimamisha ndani ya sentimita 10, nguvu ya wastani ni kama kilo 300. Kama kamba ni ndefu na inanyumbuka, ikausimamisha ndani ya mita moja, nguvu inashuka mpaka kilo 30. Mtumbwi ni ule ule, wimbi ni lile lile, lakini mzigo umegawanywa kwa kumi.

Kwa hiyo, mbele ya kutumia pesa kwa chuma kikubwa, tumia kwa kamba. Kamba ya naylon inanyumbuka na inazama. Ile ya plastiki inayoelea hainyumbuki sana, na jua linaichoma haraka. Urefu wake uwe angalau mara tano ya kina wakati kuna upepo: maji ya mita 6, kamba ya mita 30. Kamba fupi inavuta nanga kwenda juu na kuingoa. Kamba ndefu inaivuta ikilala, nanga inazidi kuingia udongoni.

Na nanga ya jiwe? Jiwe la kilo 20, ukilitia majini, linabaki na uzito wa kama kilo 12 tu, na halichimbi chini. Linafaa kwa kungojea kidogo wakati ziwa limetulia. Kwa usiku, chuma chenye meno, hata kile fundi wa suduri anachotengeneza kwa feri ya beto, kinashika kuliko jiwe.

Njia nne za kufungia kamba

Sehemu ya mbele ya mtumbwi tuiite pua, na kile kifuniko cha mbao kilicho juu ya pua tukiite sitaha. Juu ya sitaha, ao karibu nayo, kuna njia nne watu wanatumia.

Ya kwanza ni msumari mkubwa ao pete ya chuma iliyopigwa kwa nyundo. Hii, hapana. Msumari unashika vizuri mbao zinapotaka kuteleza moja juu ya ingine, lakini ukivutwa kufuata urefu wake unatoka. Na kamba ya pua inavuta kila upande, juu, chini, kushoto, kuume. Kila wimbi linaulegeza kidogo, maji yanaingia ndani ya tundu, mbao zinaoza, na kwa macho hauoni kitu.

Ya pili ni chuma cha pembe mbili kinachofungwa kwa buloni juu ya sitaha. Ni kizuri: unafunga haraka na unafungua haraka. Kipimo chepesi: urefu wake uwe kama mara 16 ya unene wa kamba. Kamba ya milimita 10 inataka chuma cha sentimita 16. Kamba ya milimita 12 inataka karibu sentimita 20. Kikiwa kidogo, kamba haipati fasi ya kuzunguka na inaruka.

Ya tatu ni kisiki cha mti. Unachukua mti mgumu, kama muvula, wa sentimita 7 kwa 7 hivi. Unaupitisha ndani ya tundu la sitaha na kuufikisha chini kabisa kwenye mti wa uti wa mtumbwi, na unaufunga fasi zote mbili. Juu unautoboa na kupitisha kipande cha chuma cha msalaba ili kamba isitoke. Kwangu mimi, hii njo njia bora kwa mitumbwi yetu ya mbao. Haitaki duka, inataka fundi mzuri wa mbao. Nguvu ya kamba haibaki juu ya sitaha, inashuka mpaka kwenye uti.

Ya nne ni chuma cha umbo la U, kinachopitishwa mbele ya pua, chini kidogo, ndani ya ule mti mnene unaounganisha mbavu mbili za mtumbwi. Hiki ni cha kuvutwa: mtumbwi mwingine unapokukokota ao watu wanapokupandisha pwani. Kwa vile kiko chini, kamba inainua pua badala ya kuizamisha. Lakini ukiwa majini hauwezi kukifikia kwa mkono, basi hakibadilishi kile cha juu. Vyote viwili vina kazi yake.

Kazi ya kweli iko chini ya sitaha

Tuseme umechagua chuma cha pembe mbili. Fundi anatoboa matundu mane, anatia buloni, anakaza ekru, kazi imeisha? Hapana, ndugu. Piga magoti, angalia chini.

Rondeli ya kawaida yenye upana wa milimita 30 inakandamiza mbao kwa eneo la kama sentimita mraba 6. Rondeli ine ni 24. Mbao za sitaha zenye unene wa sentimita 2, zilizolowa na kukauka mara nyingi, hazitavumilia kilo 300 juu ya eneo hilo dogo. Zitapasuka, na buloni zitatoka pamoja na rondeli zake. Sasa weka kibao kigumu cha sentimita 15 kwa 25, chenye unene wa sentimita 3, upande wa chini. Eneo linakuwa sentimita mraba 375, mara 15 zaidi. Kibao hicho ni mabaki ya kwa menuizye, lakini njo kinachokaa kati ya mvuvi na maji.

Mambo ya kufuata:

1. Nyuzi za kibao cha chini zikingamane na nyuzi za sitaha, zisilale pamoja. Hivyo sitaha haipasuki kwa mstari mmoja. Kama inawezekana, kibao kiguse mbavu mbili za mtumbwi, kushoto na kuume, na kifungwe kwazo.

2. Tumia muvula ao libuyu. Kalitusi ni nguvu, lakini inapenda kupasuka na kujipinda inapokauka.

3. Buloni za milimita 8 kwa mtumbwi mdogo, milimita 10 kwa wenye motere. Zipakwe zinki. Maji ya ziwa hayali chuma kama bahari, basi hakuna lazima ya kununua chuma cha pua cha bei kali. Lakini usitumie chuma kitupu: kutu ndani ya mbao inaoza kazi yote kutoka ndani.

4. Pakaa rangi ao gudro ndani ya tundu mbele ya kupitisha buloni. Kila tundu ni mlango wa maji, na mbao zinaanza kuoza kwenye tundu.

5. Kaza ekru mbili, moja juu ya ingine, juu motere inatikisa na kulegeza. Kata ncha ya buloni inayobaki na uilainishe, isikate mkono wa mtu anayetafuta kitu chini ya sitaha usiku.

Fasi ya kuweka

Chuma kiwe katikati ya upana wa sitaha, kisiwe kwa ubavu mmoja. Kisiwekwe sawasawa na njia ya kamba. Kigeuzwe kidogo, nyuzi 10 ao 15, ili kamba ikirudi isijifunge juu yake yenyewe. Pale kamba inapopita kwenye ukingo wa pua, viringisha ukingo, kisha funika kwa kipande cha tuyo ya mpira ao mpira wa gurudumu la zamani. Kamba haikatiki katikati. Inakatikia pale inaposuguliwa.

Kisha muulize mvuvi mwenyewe: nyavu unazivutia upande gani? Hili vitabu vya mashua za kutembelea havisemi. Chuma cha pembe mbili ni adui wa nyavu, kila pembe inashika jicho la wavu. Kama anavutia nyavu kwa pua, kisiki laini kilicho nyuma kidogo ni bora kuliko pembe zilizo mbele. Ao weka kifuniko cha mpira juu ya pembe wakati wa kazi.

Usirundike uzito mbele. Kila kilo kwenye pua inahesabika zaidi ya kilo ya katikati, juu iko mbali. Pua nzito inachimba wimbi badala ya kulipanda. Nanga ikae sakafuni, karibu na katikati, wakati mnasafiri.

Taa nayo: taa nyeupe inayoonekana pande zote inatosha kwa mtumbwi mdogo unaoenda polepole. Iwe juu ya vichwa vya watu, isimulike machoni mwa anayeongoza.

Kufunga kwa namna ya kufungua

Zungusha kamba mara moja chini ya pembe, fanya namba nane mara moja ao mbili, maliza. Usirundike mafundo. Kama kiboko anatokea karibu, ao wimbi linazidi, mtu lazima aachilie kamba kwa sekunde chache. Na kisu kiwe hapo mbele siku zote, kimefungwa kwa kamba yake.

Kamwe usifunge nanga nyuma, upande wa motere. Nyuma ni chini, ni pana, na ni nzito. Wimbi la kwanza linapiga, la pili linaingia, la tatu hauna tena nafasi ya kulihesabu. Pua ilichongwa kwa kukata mawimbi; nyuma haikuchongwa kwa hiyo.

Jaribu pwani, usijaribu ziwani

Kazi ikiisha, vuteni mtumbwi kwenye mchanga, mfunge kwa mti upande wa nyuma. Watu sita washike kamba ya pua na kuvuta pamoja, kwa mushtuko, mbele, kisha kushoto, kisha kuume. Mmoja abaki ameinama chini ya sitaha na taa: asikilize mlio wa mbao, aangalie kama kibao kinaachana na sitaha. Kikilia, fungueni na muanze tena. Mkimaliza, rudieni kukaza ekru baada ya wiki moja, halafu kila mwezi.

Wandugu, mtu akituuliza ushauri, ni rahisi kumwandikia liste ya vitu vya kununua Butembo. Lakini mvuvi wa Kyavinyonge hana pesa ya kununua mara mbili, na usiku wa dhoruba hana nafasi ya kujaribu mara mbili. Siku ukiitwa injenyeri pale pwani, mbele ya kutaja bei ya chuma chochote, omba taa, uiname, uangalie chini ya sitaha.