Mguu wa mzee ni ule ule, mbona hesabu imebadilika?

Mwaka jana mama yangu, mwenye miaka 72, alipimwa nguvu ya miguu mara mbili. Mara ya kwanza alisimama kutoka kwenye kiti mara 9 ndani ya sekunde 30. Kisha miezi miwili, akafikisha 12. Nyumbani tukafurahi sana. Akaacha mazoezi, juu sisi wenyewe tulimwambia amepona. Wiki chache baadaye akaanguka akitoka chooni.

Ni hapo nikamuuliza: kiti kilikuwa kile kile? Akacheka. "Hapana, mwanangu. Mara ya pili walinipa kile cha juu, chenye mikono."

Basi tulikuwa tumepima kiti.

Kipimo chenyewe hakina shida. Musuli wa mbele ya paja ndio unatuinua kwenye kiti, kwenye choo cha kuchutama, kwenye mlima wa Kadutu. Unapungua polepole na umri, na mzee mara mingi hasemi kitu mpaka siku anaanguka. Kumhesabu akisimama na kukaa hakuombi mashini wala feza. Lakini kunaomba masharti.

Kiti kiwe kigumu, bila mikono, urefu wa karibu sentimeta 43 kutoka chini. Chukua metre ya fundi wa nguo, upime. Kile cha plastiki kinapinda na kuteleza, kiache. Mgongo wa kiti uguse ukuta. Mzee avae viatu vyake vya kawaida, si kamambili, nyayo zikae chini, na mikono aikunje kifuani. Ajaribu kwanza mara moja au mbili, apumzike, ndipo useme "anza" na uangalie saa ya telefone. Hesabu pale amesimama wima kabisa. Sekunde 30 zikiisha na amepita nusu ya kusimama, hiyo nayo inahesabiwa. Akitumia mikono, andika 0. Wengi wanaona haya kumwandikia mzee 0, wanamwekea 3 au 4 kwa huruma, na ndivyo wanamficha muganga habari.

Mtu asimame karibu yake. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au operesheni ya juzi asipimwe kwanza, aonane na muganga.

Hesabu inayotumika Marekani inasema mwanamke wa miaka 70 mpaka 74 akipata chini ya 10 yuko chini ya wenzake, na mwanaume wa umri huo chini ya 12. Kwa hiyo 9 ya mama ilikuwa onyo, na kile kiti cha juu kikalifuta. Mimi naona bora kumlinganisha mzee na yeye mwenyewe, juu ile hesabu haikutoka kwa mama aliyelima na kubeba mizigo maisha yote. Na tofauti ya mara 1 tu, usiishangilie.

Tena, kiti hakipimi musuli peke yake. Goti linalouma, pumzi fupi au woga wa kuanguka vinashusha hesabu pia. Mtaalamu wa kine akitaka musuli wenyewe, anatumia dinamometa, kimashini kidogo cha mkononi. Mzee anakaa, goti limekunjwa kama kona ya meza, kimashini kinawekwa mbele ya mguu juu kidogo ya kifundo, naye anasukuma kwa nguvu yote. Kuna mutego hapa: paja la mzee, hata aliyechoka, linaweza kushinda mkono wa anayempima, na hesabu inakuwa ya huo mkono. Dawa yake ni mukaba uliofungwa kwenye mguu wa kitanda, ndio ukishike kimashini. Na fasi isibadilike: ukikisogeza karibu na goti, hesabu inapanda bila musuli kuongezeka. Anasukuma mara tatu, inaandikwa ile ya juu.

Sasa nyumbani tuko na daftari. Tunaandika tarehe, saa, viatu, nani alihesabu, na kiti: cha mbao, sentimeta 44, tumekitia alama ya rangi chini ili watoto wasikibadilishe. Jumapili iliyopita mama alipata 8. Hakufurahi hata kidogo, lakini jioni ile alianza tena mazoezi.