Kuupanua Ukumbi Mdogo Bila ya Kuubomoa: Vidaka, Mabaraza na Makabati ya Ukutani

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaoishi katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, katika majumba ya Michenzani na katika nyumba za matofali za Ng'ambo wana shida moja inayofanana, nayo ni udogo wa ukumbi. Ukumbi huo huo ndio wanamopokelewa wageni, ndimo wanamodurusu watoto baada ya sala ya Isha, ndimo inamowekwa televisheni, na mara nyingi ndimo anamolazwa jamaa aliyewasili kutoka Pemba. Makala haya yanaeleza namna ukumbi wa aina hiyo unavyoweza kutumika vizuri zaidi, na kuonekana mpana zaidi, kwa kuvijenga baadhi ya vitu ndani ya kuta au kando ya kuta badala ya kuvinunua na kuvipanga sakafuni. Aidha, yanaeleza kwa uzito huo huo kazi ambazo hazifai kufanywa bila ya kibali na bila ya fundi mjuzi, kwa sababu ukuta uliochimbwa ovyo unaweza kumwangukia aliyeuchimba pamoja na jirani yake.

Ni vyema kuanza na sababu ya wembamba wa vyumba. Nyumba nyingi za mawe za Mji Mkongwe zilijengwa katika karne ya 19. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na unene wake kwa kawaida ni sentimita 50 au zaidi. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti hizo yamepangwa mawe na kushindiliwa chokaa. Boriti haivuki mbali. Mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu za kubeba mzigo huo hutoa urefu wa kiasi cha mita 3 hivi. Kwa hiyo aliyeamua upana wa chumba ni mti, si mwenye nyumba. Tajiri alipotaka ukumbi mkubwa aliurefusha, lakini kuutanua hakuweza, na ndiyo maana hata katika nyumba za fahari mtu hukuta vyumba virefu na vyembamba mithili ya ushoroba.

Waliojenga nyumba hizo hawakuushindana na wembamba huo. Waliutumia unene wa ukuta. Ndani ya ukuta waliacha vidaka, ambavyo baadhi ya watu huviita mashubaka, vyenye tao juu na kina cha kutosha kuweka taa, chetezo, mrashi, vitabu na vyombo vya kaure. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alivieleza vyumba vya namna hiyo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Anataja vidaka virefu vilivyogawanywa kwa rafu za mbao, ambamo vyombo vya kioo na vya kaure vilipangwa kwa ulinganifu. Katika nyumba kongwe za Lamu ufundi huo ulifika mbali zaidi, kwani ukuta mzima wa chumba cha ndani hujaa safu za vidaka vilivyonakshiwa kwa chokaa.

Mtu anaweza kudhani kuwa hayo yalikuwa mapambo tu. Sivyo. Kidaka kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, kinaiondoa sakafuni meza au kabati ambayo ingechukua nafasi. Pili, kinalidanganya jicho kwa njia ya halali: mtu anapotazama ukuta mtupu, jicho lake hukoma pale pale, lakini anapotazama ukuta wenye vidaka, jicho huingia ndani zaidi, likaona kivuli na kina, na chumba kikahisika kuwa kimesogea nyuma. Chokaa nyeupe huongeza athari hiyo kwa kuurudisha mwanga ndani ya chumba.

Jambo la pili ambalo wazee wetu walilijua, na ambalo sasa limesahaulika kwa kuingia makochi, ni baraza. Tumezoea kuiona nje, pembezoni mwa mlango, lakini hakuna kinachoizuia kuingia ndani. Na tupige hesabu. Chukua ukumbi wenye upana wa mita 3. Kochi la siku hizi lina kina cha sentimita 90 hivi. Ukiweka makochi mawili yanayotazamana, yamekwisha chukua mita 1 na sentimita 80, na kilichobaki ni mita 1 na sentimita 20. Weka meza ndogo ya kati yenye upana wa sentimita 60, na kila upande wa meza utabakiwa na sentimita 30, yaani mgeni hawezi kupita ila kwa ubavu. Sasa badala ya makochi jenga mabaraza mawili. Baraza ya kukalia yatosha kuwa na kina cha sentimita 55 pamoja na matakia ya kuegemea ukutani, na kimo cha sentimita 40 hadi 45 kutoka sakafuni. Mabaraza yote mawili yatachukua mita 1 na sentimita 10. Sakafu iliyobaki ni mita 1 na sentimita 90, na meza ile ile ikiwekwa kati, kila upande una sentimita 65. Chumba hakikuongezeka hata shubiri moja, lakini watu wanapita.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia kochi la watu watatu likipandishwa kwa kamba hadi dirisha la ghorofa ya pili kwa kuwa ngazi hazikulipitisha. Lilipofika juu, dirisha nalo halikulipitisha. Baraza haina matatizo hayo.

Hata hivyo, hapa pana hadhari kubwa ambayo wananchi wanaombwa waizingatie. Baraza ya mawe au ya matofali ijengwe katika nyumba ya chini tu, juu ya ardhi. Baraza yenye urefu wa mita 3, kina cha sentimita 50 na kimo cha sentimita 45 ina ujazo unaokaribia theluthi mbili ya mita moja ya ujazo. Mawe na chokaa vya ujazo huo vina uzito unaopindukia tani 1. Kuijenga ghorofani juu ya boriti za zamani, ambazo huenda mchwa wamezila kwa ndani bila ya kuonekana, ni sawa na kuwaweka watu 15 au zaidi wasimame kando ya ukuta mmoja mchana na usiku, miaka yote. Ghorofani baraza iwe ya mbao, yenye uwazi ndani na mfuniko wa bawaba juu yake. Baraza ya namna hiyo ni nyepesi na inakuwa sanduku: ndani yake hukaa magodoro ya wageni, mashuka, madaftari na vyombo vya sherehe ambavyo hutumika mara mbili kwa mwaka lakini hudai nafasi siku zote.

Kuhusu vidaka, ushauri wa kwanza ni kutafuta vilivyokuwepo kabla ya kuchimba vipya. Katika nyumba nyingi kongwe vidaka vilizibwa kwa mawe au matofali na kupigwa lipu juu yake, ama kwa sababu ya mtindo ama kwa sababu chumba kiligawanywa kwa familia mbili. Ukuta ukigongwa polepole kwa mpini wa nyundo, mahali palipozibwa huweza kutoa sauti iliyo tofauti na ukuta mzima. Kufungua kidaka kilichozibwa kuna hatari ndogo zaidi kuliko kuchimba kipya, kwa kuwa tao lake la kubeba uzito tayari lipo. Lakini hata hapo fundi aondoe vifusi kidogo kidogo kuanzia juu, na aache kazi mara moja akiona mawe ya tao yamelegea.

Kuchimba kidaka kipya katika ukuta wa mawe ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Ukuta wa matumbawe si jiwe moja. Ni mawe madogo yanayokaliana, na kila jiwe linasubiri jirani yake. Ukichimba chini ya kichwa cha boriti, unaondoa kile kilichokuwa kikibeba sakafu ya mwenzako wa juu. Ukichimba kwenye pembe ya nyumba, unalegeza kuta mbili kwa pamoja. Ukichimba upande wako ilhali jirani naye amechimba upande wake, mnaweza kukutana katikati. Haya si maneno ya kutishana. Jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu 2 walipoteza maisha. Ikiwa jumba lenye ukubwa ule liliweza kuanguka mbele ya mafundi, basi nyumba ya kawaida inahitaji hadhari zaidi.

Kuna suala jingine ambalo huharibu kazi nzuri, nalo ni saruji. Wengi hudhani kwamba ukuta wa zamani ukipigwa lipu ya saruji umeimarika. Kuta hizi hunyonya unyevunyevu kutoka ardhini na kutoka katika mvua, kisha huutoa kupitia kwenye chokaa. Saruji huizuia njia hiyo. Maji na chumvi hubaki ndani, ukuta unaoza taratibu, na baada ya muda lipu inabanduka vipande vipande ikiwa imeshikana na tabaka la ukuta. Kidaka au baraza katika nyumba ya mawe ipigwe lipu ya chokaa na kupakwa chokaa. Ni kweli kwamba chokaa huchelewa kukomaa na humtaka fundi mvumilivu, na mafundi wa namna hiyo sasa si wengi, lakini gharama ya kurudia kazi ni kubwa zaidi.

Wanaoishi katika nyumba za matofali wasidhani kuwa wao wako huru kuchimba. Ukuta wa tofali la inchi 6 una unene wa sentimita 15 tu. Ukichimba kidaka cha sentimita 10, kinachobaki ni ganda. Kadhalika katika majumba ya Michenzani, ambayo ujenzi wake ulianza katika miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi kwa msaada wa iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, na katika fleti nyingine zozote, ukuta si wa mkaazi mmoja, kwani juu yake kuna familia nyingine. Katika nyumba hizi njia iliyo salama ni kinyume cha kuchimba, yaani kujaza. Pande mbili za mlango au za dirisha mara nyingi huwa na pembe zisizotumika. Seremala akijaza pembe hizo kwa rafu au kabati lenye kina cha sentimita 30, kutoka sakafuni hadi darini, mlango au dirisha lenyewe huonekana kama limo ndani ya kidaka kikubwa. Sehemu ya kati, chini ya dirisha, inaweza kuwa baraza ndogo ya mbao ya mtu kukaa na kusoma.

Kabati lifike darini. Kabati linaloishia katikati ya ukuta hulikata jicho na kukifanya chumba kionekane kifupi, na juu yake hukusanyika masanduku na vumbi. Milango yake ipakwe rangi ile ile ya ukuta, ili kabati lisomeke kama ukuta na si kama chombo kilichosimamishwa. Televisheni nayo iwe ndani ya rafu hizo, si juu ya meza yake yenyewe, na nyaya za umeme zipitishwe nyuma na fundi umeme kabla ya mbao kupigiliwa.

Katika visiwa vyetu kabati la ukutani lina maadui wawili. Wa kwanza ni unyevu wa masika. Kabati lililobanwa kwenye ukuta unaopigwa na mvua kwa nje litaota ukungu ndani, na nguo na vitabu vitaharibika. Mgongo wa kabati uachwe mbali na ukuta kwa kiasi cha sentimita 3 hadi 5, na matundu ya hewa yatobolewe chini na juu. Wa pili ni mchwa. Mbao zisikae moja kwa moja juu ya sakafu. Zikalie kitako cha tofali, zipakwe dawa kabla ya kufungwa, na mwenye nyumba awe anachungulia nyuma yake kila baada ya miezi michache. Zaidi ya hayo, dirisha lisizibwe kwa kabati hata kidogo. Upepo wa kusi na wa kaskazi ndio unaokifanya chumba kidogo kiweze kukalika, na chumba chenye rafu nyingi kisichokuwa na hewa ni ghala.

Kioo kikubwa kilichotiwa ndani ya kidaka mkabala na dirisha husaidia sana, mradi kinachoonekana humo ni mwanga wa nje na si mlango wa choo.

Ieleweke kwamba nyumba zote zilizomo katika eneo la Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimo chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliyoundwa mwaka 1985. Yeyote anayekusudia kufungua kidaka, kuchimba ukuta, kujenga baraza au kubadilisha dirisha anatakiwa kuomba kibali kwanza, hata kama kazi yenyewe imo ndani na haionekani kutoka njiani. Mkaazi aliyepanga nyumba ya Serikali au ya Wakfu apate kwanza idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Wakaazi wa fleti wapeleke maombi yao kwa taasisi inayosimamia jengo, na wawajuilishe wanaoishi juu yao na chini yao.

Mwombaji aandae mchoro mdogo, hata wa mkono, unaoonesha upana na urefu wa chumba, unene wa ukuta, mahali boriti zinapolalia, na mahali panapokusudiwa kufanyiwa kazi. Fundi asilipwe malipo ya awali wala mawe yasiguswe kabla ya jibu kupatikana. Kabati la mbao lisilogusa ukuta halihitaji kusubiri.